Kaharabu

Makopo mawili yalishuka na treni ya Alhamisi,
yamefungwa ndani ya suruali kuukuu ya Mihambo,
pamoja na pakiti ya hopsi, vidonge vya kijani
kama chakula cha sungura, vikinuka
ganda la chungwa na nyasi zilizofyekwa asubuhi.
Chini ya maelekezo, mwandiko wake:
"Usiharakishe. Na usimwambie Mama mpaka iive."

Lakini vyumba viwili vya Isevya havina siri.
Nilipofungua kopo, shira ya kimea ikashuka,
nyeusi, nzito, ikijivuta
kama mdaiwa aliyeitwa na baraza,
na Mama, ambaye mtoto wa jicho amemfungia dirisha moja
na la pili analifunga polepole,
akauliza toka kitandani: "Nani anaunguza asali?"

Huyo ndiye Kalunde. Wanzuki yake
ilisomesha watoto wanne, ikalipa faini tatu,
na mara moja ilimwagwa yote mtaroni, Cheyo,
bata wa jirani wakayumba hadi magharibi.

Mimi ni karani wa mizigo. Mwanamume.
Nyamizi wa upande wa pili wa ua alicheka
mpaka akashika ukuta:
"Njooni mwone, Kasanda anapika pombe!
Kesho atatwanga, keshokutwa atasuka!"
Sikujibu. Nilikuwa nahesabu dakika.
Hopsi za kwanza zichemke saa nzima, kwa uchungu;
za pili, dakika kumi kabla ya kuipua, kwa harufu.
Povu likapanda, likachungulia ukingoni,
nikalipuliza kama mtu anayeomba radhi.

Karatasi inasema: poza hadi nyuzi kumi na nane.
Kumi na nane!
Mwezi wa kumi, Tabora, hata maji ya mtungi yana homa.
Nikaloweka gunia, nikaizungushia ndoo,
nikaweka karai chini, feni juu.
Umeme ukakatika.
"Karatasi yako," akasema Mama, "haijafika Tabora."

Hamira niliitia usiku. Siku ya kwanza, kimya.
Ya pili, kimya. Ya tatu nikaanza kuisemesha ndoo
kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.
Ndipo Mama akaja akipapasa ukuta,
akapiga magoti, akaegesha sikio kwenye plastiki,
akakaa hapo muda wa kuchambua sahani ya mchele.
"Inaongea. Chini sana. Kama mvua
inapoanza Sikonge na wewe uko mjini.
Usiifunue. Anayefunua anafunua woga wake,
pombe haikumwita."

Usiku ule mpira wa dripu niliouomba Kitete,
ncha yake imezama kwenye glasi ya maji,
ukaanza: bwi.
Kimya.
Bwi.
Nikalala kama mtu mwenye mgeni.

Wiki mbili. Kisha chupa, sukari kijiko kimoja kimoja,
chupa thelathini na nane chini ya kitanda cha Mama,
maana ndiko kwenye ubaridi.
Moja ikapasuka saa nane za usiku.
"Polisi!" akapiga kelele,
halafu akacheka peke yake gizani, akacheka,
kicheko ambacho sijakisikia tangu mwaka wa mtaro.

Jumapili nikamimina. Kaharabu kamili,
yenye wekundu kidogo pale jua lilipopenya.
Nikajaribu kumweleza ile rangi, nikakwama:
asali ya miombo? Kutu ya reli iliyolowa?
"Nyamaza. Nipe."
Akanywa. Uso wote ukajikunja.
"Chungu! Kwani Mihambo kaoa mwarobaini?"
Akaisukuma glasi hadi ukingo wa meza.
Nikaandika kichwani: mara ijayo, hopsi nusu.

Dakika ikapita, labda mbili. Mkono wake
ukatambaa juu ya meza, ukapita kwenye chumvi,
ukazunguka bakuli la karanga,
ukaikuta glasi palepale.

Nje, Nyamizi anauliza bei.